Chupa Tano Zilizofunguliwa

Nilijifunza kutema kabla sijajifunza kunywa. Nasema hivyo bila aibu, maana kutema ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliiweza kuliko wanaume wote waliojaribu kabla yangu. Katika nyumba ya kununulia kahawa, pale Makiso, mjini Kisangani, karibu na mto, kulikuwa na meza ndefu, vikombe ishirini, kijiko kimoja na ndoo. Kahawa ilitoka Banalia, Isangi na Ubundu, kila shehena na kikombe chake. Nilichota kijiko, nikaifyonza kwa kelele mpaka ikaenea mdomo mzima, nikatema kwenye ndoo, kisha nikasema: hii nzuri, hii ina ukungu, hii waliianika juu ya lami. Vikombe ishirini kila asubuhi, na hata tone moja halikushuka kooni. Ukimeza, kufika kikombe cha kumi moyo unapiga ngoma na ulimi unaanza kusema uongo.

Mwenye nyumba ile alikuwa Mwitaliano mzee, mfupi, mwenye sauti ya kugombeza hata anaposalimia. Sisi wafanyakazi tulimwita Patron tu. Alikuwa ameishi Kisangani miaka mingi, hata akawa anagombana kwa Lingala na kuomba msamaha kwa Kiswahili. Chini ya nyumba alikuwa na stoo ya mawe yenye ubaridi, na humo alilaza divai za kwao. Jumamosi mchana, kazi ikiisha, alipanda na chupa mbili tatu, akaziweka juu ya meza ileile ya kahawa, akaniita. Wazungu wenzake wa mjini walikuwa watu wa bia na wiski, hakuwa na mtu wa kubishana naye. Alisema ni dhambi ulimi kama wangu kuzeekea kwenye kahawa ya robusta.

Ndivyo nilivyoijua Italia, nchi ambayo sijaikanyaga mpaka leo. Kutoka Piemonte, kaskazini, ilikuja Barolo, ambayo rangi yake hafifu inakudanganya uidhani chai, kisha inakukamata fizi kama ndizi mbichi. Kutoka Toscana ilikuja Chianti, yenye uchachu mwekundu. Patron alisema ni ladha ya cherry. Mimi sijawahi kuiona cherry, nikamwambia ni tondolo, lile tunda jekundu la msituni tulilokuwa tukilinyonya utotoni, na tangu hapo hata yeye akawa anaandika tondolo kwenye daftari lake. Kutoka Veneto kulikuwa na Amarone, ambayo zabibu zake huanikwa kwanza mpaka zinyauke, na Soave, divai nyeupe isiyopenda kungojeshwa. Marsala ya Sisilia ilikuwa na ladha ya sukari iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Siku moja aliniwekea Barolo mbili za mwaka mmoja, za familia mbili zenye mashamba kwenye vilima vinavyotazamana. Moja laini, nyingine imekunja uso. Nilielewa papo hapo: ni kama sombe, kisamvu chetu, ya majirani wawili, soko ni lilelile, mkono ndio tofauti.

"Patron," nilimwambia siku ile, "kahawa ya Banalia ikinuka lami unairudisha. Sasa hii Barolo yako inanuka lami, juu ya nini unaisifu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Sheria zake zilikuwa mbili. Divai nyekundu ya zamani ifunguliwe saa kadhaa kabla ya wageni kufika, ipumue. Na usidanganye juu ya kilichomo kikombeni, hata kama mwenye kikombe ni askofu.

Vita vilipofika, Patron alipata nafasi kwenye ndege mojawapo ya mwisho. Alinipa ufunguo wa stoo akasema nizitazame divai zake, kana kwamba mimi nilikuwa nabaki mahali ambapo risasi hazifiki. Nilimkasirikia siku ile, na kusema kweli bado nina kinyongo kidogo. Kahawa ilikoma kuja. Majeshi yakapokezana mji, kila moja na vizuizi vyake barabarani na namna yake ya kutudharau. Siku moja bomu lilianguka uani, rafu za stoo zikaporomoka, chupa nyingi zikavunjika na zilizobaki zikachanganyika. Mchwa na unyevu wakamalizia kwa kula karatasi zote za majina. Zilibaki chupa kumi na tano ambazo hakuna aliyejua ni nini, mimi nikiwa wa kwanza.

Ningeziacha hukohuko, kama si mdogo wangu.

Wazazi wetu, wafanyabiashara waliotoka Kivu Kaskazini, walikuwa wameshazikwa hapahapa Kisangani, na huyu kijana wa miaka ishirini na minne ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Alikuwa fundi wa phonie, zile redio za kuongelea na watu walio mbali. Wakati wa vita fundi wa phonie ni mpelelezi tu, hata angebeba rozari shingoni. Askari walimkamata kwenye daraja la Tshopo akiwa na betri begani, wakamfungia ndani ya kontena la chuma, uani kwa kamanda wao. Jua la Kisangani mnalijua. Kila mtu mjini alikuwa na habari ya mtu aliyetolewa kwenye kontena lile akiwa amebebwa.

Siku ya tano nilikwenda kwa kamanda na tonton, kaka wa mama yetu, mstaafu wa reli ya Ubundu, mzee mpole anayevua kofia hata mbele ya mlango uliofungwa. Tonton aliongea, akaomba, akataja majina ya Mungu. Kamanda hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia: kahawa, na divai za Patron.

"Donc, weye iko unajua vino?"

"Ninajua, Commandant."

"Bon. Dimanche niko na wageni. Kuko muzungu moja, yeye anajua vino, nikimupa bière atanicheka. Lete vino ya muzuri. Wageni wakifurahi, utarudia na ndugu yako." Akageuka kulitazama kontena. "Wasipofurahi, usinililie."

Jumapili alfajiri nilishuka stoo na mshumaa. Sikuwa nimekula tangu jana yake mchana, maana mwonjaji haonji na uji mdomoni. Kwa kuwa majina yaliliwa na mchwa, kulikuwa na njia moja tu ya kujua kilichomo. Nikafungua. Ya kwanza ilikuwa siki. Ya pili ilinuka gunia lililolowa. Nikafungua, nikafyonza, nikatema, na kila chupa iliyokufa niliiona kama hatua moja inayomrudisha mdogo wangu ndani ya chuma. Tisa zilikuwa zimekufa. Tano zilikuwa hai: zile Barolo mbili za vilima vinavyotazamana, Chianti moja, Amarone moja na Marsala moja. Nilipoikuta Barolo ya kwanza ikiwa nzima, na lami yake na maua yake, nililia. Nilirudisha vizibo juujuu, ili ziendelee kupumua. Ya kumi na tano niliitambua kwa shingo yake ndefu kuwa ni Soave. Divai nyeupe haifunguliwi mapema, basi nikaichukua vilevile na kizibo chake, kwa bahati nasibu.

Tonton alikuja na toleka mbili, zile baiskeli zetu za kubeba watu. Alipoona vizibo vimechomoza akasimama.

"Mama, hii machupa uliifungua?"

"Ndiyo, tonton. Lazima ipumue."

"Kinywaji ya mutu mukubwa inafunguliwa mbele ya macho yake. Weye unajua hiyo."

"Hii haiko bière, tonton. Hii iko na sheria yake."

Nilimjibu kwa ukali, na neno lile ningelirudisha kinywani kama ningeweza. Kwetu hata bia ya mtu wa kawaida hufunguliwa mbele yake, na anayemkaribisha hujimiminia kwanza kidogo, akanywa, ndipo akampa mgeni. Chupa iliyofunguliwa jikoni inaitwa sumu, hata kama ni Fanta ya mtoto. Nililijua hilo tangu sijaota meno ya pili. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimevaa kichwa cha Patron. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limeshanyanyuka.

Meza ilikuwa imetandikwa barazani. Samaki waliopikwa ndani ya majani, kwanga za muhogo, ndizi za kukaanga. Kamanda aliketi katikati, maofisa wanne kandokando, na mzungu aliyekuwa anajipepea kwa kofia. Kontena lilikuwa kama hatua thelathini kutoka pale, na matundu machache ya risasi ndiyo madirisha yake. Tonton alizuiwa getini, nikaweka chupa sita mezani peke yangu. Nilikuwa hata nimeanza kujivuna kidogo, nikitafuta maneno ya kuzieleza, mpaka nilipoona kamanda amenyoosha kidole, anagusa vizibo kimoja kimoja. Cha kwanza kikachomoka chenyewe.

"Nani alifungua hii?"

Maofisa waliacha kutafuna.

"Ni miye, Commandant. Vino ya zamani inafunguliwa mapema, inapumua, ile..."

"Inapumua." Alilitamka lile neno polepole. "Weye unafungia miye ndugu yako, halafu unaniletea machupa ya wazi?" Alikuwa amekasirika hata akageuza mambo, mfungaji akawa mimi. Hakuna aliyemsahihisha. Alimimina Barolo mpaka nusu ya glasi, akaisukuma kwangu. "Onja."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kuonja! Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Nilichukua glasi, nikanusa, nikafyonza kwa kelele kama nilivyofyonza kila asubuhi kwa miaka tisa, nikaizungusha mdomoni. Kisha nikageuza kichwa na kutema mchangani.

Nilijua nilichofanya kabla mate hayajafika chini. Askari aliyekuwa nyuma yangu alikoki bunduki. Kamanda alisimama, kiti kikaanguka. Mzungu alishusha kofia. Nilianza kusema kuhusu kahawa, ndoo, vikombe ishirini, maneno yakanitoka ovyo kama maharagwe kwenye mfuko uliotoboka, na kila neno lilikuwa linazidi kunifanya mwongo. Anayeleta kinywaji lazima aonje, na anayeonja lazima ameze. Mimi nilileta, nikaonja, nikatema. Hata mimi mwenyewe ningejipiga risasi.

"Mulete ule wa phonie," kamanda akasema.

Walimtoa kontena. Siku saba zilikuwa zimempunguza nusu, midomo imepasuka, macho hayawezi jua. Walimsimamisha mbele ya meza. Kamanda akajaza glasi ileile mpaka juu.

"Dada yako alituletea vino. Yeye anakataa kumeza. Kunywa weye."

Mdogo wangu aliutazama mchanga uliolowa miguuni pangu, akanitazama mimi. Nilijaribu kumwambia kwa macho kwamba ni salama, lakini macho yangu yalijaa hofu tu, na hofu ndiyo aliyoisoma. Kisha akachukua glasi kwa mikono miwili, akainywa yote bila kupumua, akairudisha mezani taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Iko muzuri," akasema. "Merci, Commandant."

Tulingoja. Kamanda aliitazama saa yake, nzi wakaanza kutua juu ya samaki na hakuna aliyewafukuza. Sijui ilikuwa muda gani. Mdogo wangu alisimama wima, mikono ubavuni, akitazama mto ng'ambo ya ukuta. Hakuanguka.

"Sasa weye. Zingine ine. Na ukitema, mutaingia wawili mule ndani."

Nilikunywa. Kati ya zile nne nilianza na glasi nzima ya Barolo ya pili, ile iliyokunja uso, juu ya tumbo lisilo na hata tonge. Kila nilipomaliza alitaka nimweleze nimekunywa nini, sijui kwa udadisi au kwa kupima kama ulimi umeshaanza kufa. Chianti: "Tondolo, Commandant, na majani makavu ya tumbaku." Ofisa mmoja alicheka, kamanda akamtazama, akanyamaza. Amarone ni divai ya kumlaza fundi wa mawe. Nilihisi imefika magotini, nikaelewa jambo lililonitia baridi mwili mzima: mlevi na mwenye kunyweshwa sumu huanguka namna moja. Nikianguka, tumekwisha sote, na tonton pale getini pia. Kulikuwa na msumari kwenye nguzo ya baraza, umepinda. Niliukamata ule msumari kwa macho na sikuuachia. "Hii walianika zabibu juani," nilisema, "kama makemba, zile ndizi za kusagia unga." Nilifika Marsala. "Sukari, iliungua kidogo." Baraza lilikuwa linainuka upande mmoja, lakini msumari haukuondoka mahali pake, na mimi sikuondoka pangu.

Kamanda bado hakuridhika. Alivuta ile Soave, akageuza shingo yake, akaona kizibo kizima.

"Hii moja tu iko na akili. Tutaanza na hii."

Askari akaifungua mbele yake, kama inavyotakiwa. Aliinamisha chupa, na kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai iliyokaa thermosi siku mbili. Harufu ilinifikia nilipokuwa: tofaa zilizooza, siki, chuma. Akamjazia mzungu, akajijazia mwenyewe, akainua glasi.

Ningeweza kunyamaza. Chupa hii haikuwa na kosa langu, ilifunguliwa mbele ya mashahidi. Lakini ulevi ulikuwa umeshaniondolea woga wa kawaida na kuniachia ukaidi wangu na sheria ya pili ya Patron.

"Commandant, usikunywe hiyo. Ilikufa."

Mkono wake ulisimama hewani. "Ilikufa namna gani?"

"Vino nyeupe haingoje. Hii ilingoja sana. Haina sumu, lakini utaona haya mbele ya mugeni yako."

Mzungu alinusa glasi yake, akakunja pua, akaiweka chini na kuisukuma mbali kwa kidole kimoja. Kamanda alimtazama, akanitazama, kisha akaanza kucheka, na maofisa wakacheka baada ya kuhakikisha kwamba ni kicheko kweli.

"Mutu ya sumu hawezi kukataza mutu kunywa," akawaambia. Aliikamata ile Barolo ya kwanza, akawamiminia wote, wakanywa, wakarudi kwa samaki wao. Bila kugeuka akanipungia mkono wa kufukuza kuku. "Chukua mutu yako. Endeni."

Wenye toleka walikuwa wameshakimbia, kwa hiyo tulitembea. Nilifika kona ya kwanza ndipo miguu ikanikatika. Tonton alinishika upande huu, mdogo wangu upande ule, yeye mwenyewe akipepesuka, na hivyo tukaupita mji mchana kweupe, watu wakitoka kanisani wanatutazama. Nilikuwa nacheka. Nilitapika mara moja penye mtaro wa posta, nikacheka tena. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anasalimia kila tuliyekutana naye, kwa jina, kwa mkono, akiuliza habari za watoto, jambo ambalo si tabia yake hata kidogo. Nilidhani ni pombe.

"Tonton," akasema, "phonie ya ba sœurs, masista ya misioni, iko chini ya kitanda yangu. Nilimaliza kuitengeneza. Utawapelekea."

"Utawapelekea weye mwenyewe," tonton akajibu.

"Utawapelekea weye. Na vyombo vyangu, umupe mutoto ya jirani, yeye iko na mikono ya muzuri."

Tulipofika mwanzo wa barabara yetu alisimama. Mlango wetu ulionekana, na jirani alikuwa anatwanga sombe uani. Aliuachia mkono wangu, akafuta midomo yake iliyopasuka, akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita yaya, dada mkubwa, kama anayeuliza saa ya treni.

"Yaya, niambie tu ukweli. Ile dawa inaanza saa ngapi?"

"Dawa gani?"

"Ile uliweka mu vino. Niliona ulitema." Akautazama mlango wetu. "Nilisema, nikikunywa miye bila kuogopa, nao watakunywa. Sitaki tu inikute ndani ya nyumba. Utaiogopa ile chumba kisha."

Ulevi ulinitoka wote kwa mara moja. Alikuwa ametembea mji mzima akiingojea sumu ifanye kazi. Zile salamu, yale maagizo ya mali yake aliyompa tonton, yote yalikuwa ni kuaga. Alinidhania muuaji, na akanywa ili uuaji wangu ufanikiwe, na njiani kote alinishika mkono nisianguke.

Nilikaa chini palepale vumbini na gauni langu la misa. Nikamwambia hakuna dawa, hakujawahi kuwa na dawa, ni zabibu tu, nilitema kwa sababu ya mazoea ya kazi. Ilinibidi niseme mara tatu, na mara ya tatu nilipiga kelele mpaka jirani akaacha kutwanga.

Kisha akamgeukia tonton.

"Basi ile phonie usipeleke," akasema. "Nitapeleka miye mwenyewe kesho."

Ndipo akaanza kutetemeka, na hakuacha mpaka jioni.